Kozi, mkoba au kisanduku: daktari wa upasuaji wa Nyanda za Juu Kusini ajiendeleze wapi?

Ukishakuwa daktari bingwa wa upasuaji Mbeya, Iringa, Njombe au Songwe, matangazo ya mafunzo hayakauki kwenye makundi ya WhatsApp. Leo kozi ya siku mbili Dar es Salaam, kesho kongamano Arusha, keshokutwa darasa la mtandaoni saa moja usiku au nafasi ya kwenda kukaa miezi kadhaa Muhimbili. Yote yana cheti, na karibu yote yana pointi. Kwa kuwa Baraza la Madaktari Tanganyika hudai mafunzo endelevu mtu anapohuisha leseni, wengi wetu huchagua kwa pointi, na tusifichane, kwa posho pia. Mimi nashauri uchague kwa kitabu cha thieta, yaani rejista ya operesheni zako.

Chukua rejista ya miezi 12 iliyopita, kaa nayo jioni moja pamoja na sista wa thieta, maana yeye anayajua hata yale ambayo hayakuandikwa. Tafuta mambo mawili: operesheni unazozifanya mara kwa mara, na wagonjwa uliowaandikia rufaa ilhali vifaa vya kuwatibu ulikuwa navyo. Hao wa pili ndio wanaoonyesha pengo la ujuzi. Mgonjwa uliyempeleka mbele kwa sababu huna mashine hatasaidiwa na kozi yoyote utakayosoma.

Hospitali zilizo kando ya barabara kuu ya TANZAM, kuanzia Kitonga na Ilula, Makambako, Mlima Nyoka hadi Tunduma, zitakuta rejista imejaa mifupa: paja, goko, jeraha la bodaboda ambalo mfupa umetokeza nje. Ukiacha lami ukapanda Makete, Ludewa au Ileje, kurasa zinabadilika. Utaona ngiri iliyonasa, utumbo uliojisokota, tezi dume, goita na operesheni za uzazi. Mafunzo yanayomfaa daktari wa kwanza yanaweza yasimfae wa pili hata kama wote wawili wana cheti cha aina moja ukutani.

Kipo kipimo kimoja cha kuanzia. Tume ya jarida la Lancet kuhusu upasuaji duniani, iliyotoa ripoti yake mwaka 2015, ilitumia operesheni tatu kuipima hospitali: upasuaji wa kumtoa mtoto, kufungua tumbo, na kutibu mfupa uliovunjika na kutokeza nje. Ikiwa mojawapo kati ya hizo inayumba hapo kwako, kozi ya upasuaji wa matundu madogo (wa kamera na vyombo vyembamba) na isubiri.

Na kama kuna anayedhani kwamba baada ya ubingwa mikono yetu yote hulingana, Michigan walilipima jambo hilo. Madaktari 20 wa upasuaji wa kupunguza unene walitoa kila mmoja video ya operesheni yake, wenzao wakaipa alama bila kujua ni ya nani. Matokeo yalichapishwa mwaka 2013: wagonjwa wa robo ya madaktari wenye alama za chini walipata matatizo kwa asilimia 14.5, wale wa robo ya juu asilimia 5.2. Wote walikuwa mabingwa wenye leseni.

ATLS au PTC?

Kwa majeruhi, kozi mbili ndizo hutajwa zaidi: ATLS (huduma ya juu ya kuokoa maisha ya majeruhi) na PTC (huduma ya msingi ya majeruhi). ATLS ina historia ambayo daktari wa wilayani ataielewa haraka. Februari 1976 daktari wa mifupa, James Styner, alianguka na ndege yake ndogo Nebraska, Marekani. Mkewe alifariki, watoto wakaumia, na huduma waliyoipata katika hospitali ndogo ya karibu ilimtia uchungu mkubwa. Kozi ya kwanza ikafanyika mwaka 1978, na mwaka 1980 Chuo cha Madaktari wa Upasuaji cha Marekani kikaichukua. Kwa hiyo ilizaliwa kwa ajili ya hospitali za pembezoni. Ila leo imekuwa kozi ya ada kubwa, yenye masharti makali ya vituo na walimu, na cheti chake hudumu miaka 4, kisha unarudia.

PTC ilitengenezwa kwa ajili ya mahali ambapo vifaa ni vichache. Mpangilio wake ni wa siku mbili za kozi, siku moja ya kufundisha walimu, kisha siku mbili nyingine ambapo walimu hao wapya wanaiendesha kozi wenyewe huku waliowafundisha wakiwatazama. Hapo ndipo inapoipita ATLS kwa hospitali ya mkoa. Ukienda ATLS, unarudi peke yako umejua. Ukileta PTC Vwawa au Mafinga, wiki haijaisha tayari una tabibu, muuguzi wa mapokezi na mtaalamu wa usingizi wanaofuata mpangilio uleule saa nane ya usiku, wakati wewe bado uko njiani kutoka nyumbani.

Mimi ningechagua PTC, isipokuwa kwa anayetaka kwenda kusoma au kufanya kazi nje ya nchi, maana huko cheti cha ATLS kinatambulika mlangoni. Kwa vyovyote, kozi ya majeruhi isiyorudiwa huyeyuka. Weka zoezi la nusu saa la timu nzima kila baada ya miezi michache, hata kama hakuna atakayelipwa chai.

Kozi fupi za ufundi wa mikono ni jambo jingine, na hapa nina ugomvi nazo kidogo. Mwaka 2006 watafiti wa Toronto waligawa madaktari 38 waliokuwa wakisomea upasuaji katika makundi mawili, wafundishwe kuunganisha mishipa midogo ya damu. Kundi moja lilipata vipindi vinne kwa siku moja, jingine vipindi vilevile lakini kimoja kwa wiki. Mwezi mmoja baadaye, waliosoma kwa wiki walifanya vizuri zaidi. Sasa tazama kozi zetu nyingi: kila kitu kinabanwa katika siku mbili, kwa kuwa ukumbi ni wa kukodi na mkufunzi ana ndege ya kuwahi. Niliwahi kuketi kwenye kozi moja, siutaji mji, washiriki tumejaa na mashine ya kujifunzia iko moja. Zamu yangu ilipofika, muda wa picha ya pamoja nao ukawa umefika.

Kabla ya kulipa ada, muulize mwandaaji kwa simu: mimi mwenyewe nitashika kifaa? Kwa saa ngapi? Nikirudi kwangu, nani atanitazama nikifanya kwa mara ya kwanza? Akikujibu kwa kukutajia hoteli, umeshajua.

Uende kwao, au waje kwako?

Hapa ndipo uamuzi mkubwa ulipo.

Kwenda kukaa kwenye hospitali kubwa kuna faida moja isiyopatikana kwingine, nayo ni wingi wa wagonjwa wa aina moja. Kama unataka mifupa, MOI (Taasisi ya Mifupa Muhimbili) pale Dar es Salaam utaona kwa wiki chache mapaja mengi kuliko unayoyaona kwako kwa muda mrefu. Moshi kuna KCMC, Mwanza kuna Bugando. Kwa aliyeko Iringa, Hospitali ya Benjamin Mkapa iliyoko Dodoma haiko mbali tangu barabara ile iwekwe lami. Walioko Tukuyu, Rujewa au Vwawa wana Hospitali ya Rufaa ya Kanda Mbeya, na ajabu ni kwamba wengi huiruka wakaenda Dar kutafuta kilichopo Mbeya. Hospitali ya Consolata Ikonda nayo, juu kule Makete, hupokea wagonjwa wanaosafiri kutoka mbali sana kuifuata. Daktari wa wilaya atajifunza mengi kwa kuona jinsi hospitali iliyo milimani inavyopanga siku yake ya thieta.

Tatizo la kwenda ni foleni. Hospitali za kufundishia zina wanafunzi wa ubingwa, na hao ndio wenye haki ya kwanza ya kushika kisu. Wewe uliyetoka mkoani unaweza kumaliza wiki nne umesimama nyuma yao, ukitazama mgongo wa mtu. Kwa hiyo barua yako ya kuomba nafasi itaje operesheni moja au mbili kwa jina, na iombe uwe msaidizi wa kwanza, kisha ufanye mwenyewe chini ya usimamizi. Barua ya "kujiongezea uzoefu kwa ujumla" hukupatia kiti cha mtazamaji. Tatizo la pili ni kwamba wengi wetu tuko peke yetu. Ukiondoka mwezi mzima, daktari msaidizi anabaki na zamu zote, na rufaa zinaongezeka kwa sababu wewe umeenda kujifunza namna ya kuzipunguza.

Tatizo la tatu husemwa kidogo: unafundishwa kwa vifaa usivyo navyo. Unazoea eksirei ya papo hapo thieta, kisha unarudi mahali ambapo picha inasubiri mashine iliyo jengo la pili.

Mkoba, yaani bingwa kufunga safari kuja kukufundishia hospitalini kwako, unageuza hayo yote. Mwalimu anakuja, anakuta taa yako, meza yako, sista wako na dawa za usingizi mlizo nazo. Anachokufundisha hapo kimeshathibitika kuwa kinawezekana hapo. Wagonjwa hawauzi mahindi ili wapate nauli ya Dar. Kambi za madaktari bingwa wa Rais Samia, zilizoanza kuzunguka hospitali za halmashauri mwaka 2024, zimewafanya mabingwa waonekane hata wilaya ambazo hazikuwazoea.

Lakini kambi ina kishawishi chake, nacho ni hesabu. Mgeni ana siku tano, foleni imejaa uwanja mzima, viongozi wanasubiri idadi ya waliohudumiwa. Mwenye kasi ndiye anayepasua, na wewe mwenyeji unashika ritrakta hadi Ijumaa. Wakiondoka, kidonda kitakachofungua usaha ni chako. Maelewano yafanyike kwa simu kabla gari halijaondoka kwao: wagonjwa wachache wa aina ileile wapangwe kwa kufuatana, wa kwanza afanye mgeni, wa pili mfanye pamoja, kuanzia wa tatu ufanye wewe naye akusaidie. Idadi itashuka, ndiyo. Mganga Mfawidhi aelezwe mapema kwamba itashuka.

Jambo jingine linaloupa mkoba uzito ni kwamba unafundisha chumba kizima. Ng'ambo ya milima ya Udzungwa ukitokea Iringa iko Ifakara, na hospitali yake ilikuwa miongoni mwa nane duniani zilizojaribu orodha ya usalama wa upasuaji ya Shirika la Afya Duniani, pamoja na hospitali za Toronto, London na Seattle. Matokeo ya mwaka 2009 yalionyesha kwamba katika hospitali hizo nane kwa pamoja vifo vilishuka kutoka asilimia 1.5 hadi 0.8, na matatizo kutoka asilimia 11 hadi 7. Orodha hiyo haihitaji daktari apelekwe kusoma ng'ambo. Watu waliokuwa ndani ya thieta walianza kutajana majina, kuulizana kama dawa ya kuzuia maambukizi imeshatolewa, na kuhesabu vitambaa kwa sauti. Daktari aliyerudi na cheti chake peke yake hawezi kulianzisha hilo kama mtu wa usingizi na sista hawakuwepo alipofundishwa.

Kwa hiyo kati ya kwenda na kuletewa? Kwa operesheni ambayo hujawahi kuifanya kabisa, nenda kwanza, hata kwa wiki mbili. Kwa ile unayoifanya ila kwa hofu, mwalimu aje. Ukiweza kupata vyote viwili kwa mtu yuleyule, yaani uende kwake kisha aje akusimamie kwako, usitazame tena tangazo jingine mwaka huo.

Kuna njia ya katikati ambayo madaktari wa mifupa wanaijua: SIGN. Shirika hili la Richland, Marekani, lililoanzishwa mwaka 1999, hutoa vyuma vya kuingiza ndani ya mfupa vinavyoweza kufungwa bila eksirei ya papo hapo. Daktari akishamtibu mgonjwa, huingiza picha zake kwenye mfumo wao. Picha hizo ndizo zinazomletea vyuma vingine bure, na madaktari wenzake wa mbali wanazitazama na kumpa maoni. Ni mafunzo yanayomfuata daktari mgonjwa kwa mgonjwa, na hakuna kozi ya ukumbini inayofanya hivyo. Kwa hospitali ya barabarani yenye mapaja mengi, ningeweka nguvu ya kuomba programu hii mbele ya kongamano lolote.

Kisanduku, miguu ya nguruwe na bando

Mazoezi ya nyumbani tunayadharau kwa sababu hayana cheti. Mwaka 2002 watafiti wa Yale walichapisha jaribio la wanafunzi 16 wa upasuaji: waliofanya kwanza mazoezi kwenye kompyuta walitenganisha kifuko cha nyongo kwa kasi zaidi kwa asilimia 29 kuliko wenzao, na makosa yao yalikuwa pungufu mara sita. Kompyuta ile ilikuwa ghali. Kisanduku cha kujizoezea upasuaji wa matundu madogo si ghali: boksi la plastiki, matundu mawili, simu yenye kamera, taa, na koleo za matundu madogo zilizostaafu thieta.

Unaweza kutumia mazoezi matano ya mtihani wa FLS wa Marekani, unaopima misingi ya upasuaji wa matundu madogo. La kwanza ni kuhamisha vipande sita kutoka vigingi vya upande mmoja hadi vya pili, ukivipokeza kutoka mkono mmoja kwenda mwingine hewani, kisha kuvirudisha. Kiwango cha umahiri ni sekunde 48. Kukata duara kwenye gozi ni sekunde 98, kufunga fundo ndani ya kisanduku 112. Jioni za Julai Mbeya hakuna anayetoka nje, na dakika 20 mara tatu kwa wiki zitakufikisha. Hapa ule utafiti wa Toronto unakuunga mkono: kidogo kidogo kwa wiki nyingi.

Ila kama hospitali yako haina mashine ya matundu madogo wala hakuna dalili ya kuipata, usijichoshe na kisanduku. Nenda machinjioni. Utumbo wa mbuzi unafaa kabisa kujifunzia kuunganisha utumbo, na ukishaunga unaujaza maji uone panapovuja. Miguu ya nguruwe haikosekani katika mikoa hii. Ina ngozi ya kuhamishia na kano za kuunga. Tumia vyombo vya kando vilivyochakaa, na visirudi thieta kamwe.

Video nazo zinafaa ukijua cha kutafuta. WebSurg ya Strasbourg ni ya bure na imejaa operesheni za matundu madogo. AO Surgery Reference, ya bure pia, inakupitisha hatua kwa hatua kwenye kila mfupa, na ndiyo ninayoipendekeza kwa anayeitwa usiku kwa kifundo cha mguu kilichosagika. Madarasa ya mtandaoni ya usiku nayaweka chini kabisa. Yanafaa kwa maarifa mapya ya dawa na miongozo, na kwa pointi. Mkono hayaugusi.

Ubingwa bobezi na COSECSA, kwa ufupi

Ubingwa bobezi ni ubingwa wa eneo moja ndani ya fani, na COSECSA ni Chuo cha Madaktari wa Upasuaji cha Afrika Mashariki, Kati na Kusini. Hizi ni safari za miaka, si za wiki. Daktari ambaye bado hajawa bingwa ana njia mbili kubwa. Ya chuo kikuu, yaani MMed (shahada ya uzamili ya udaktari), mara nyingi humhamisha kwenda miji kama Dar, Moshi, Mwanza au Dodoma. COSECSA, iliyoanza mwaka 1999 na yenye makao Arusha, inahudumia nchi 14 na mtu husoma akiwa kazini katika hospitali iliyoidhinishwa: miaka 2 ya uanachama, kisha 3 ya ubingwa. Kwa aliye bingwa tayari, faida ya COSECSA ni ya upande wa pili. Hospitali yako ikiidhinishwa, wewe unakuwa mwalimu, na kijana anayekuuliza kila siku kwa nini umekata hapa na si pale atakusomesha kuliko kongamano.

Ubingwa bobezi uchague ikiwa hospitali utakayorudi ina wagonjwa, vifaa na mtu wa usingizi wa kazi hiyo. Vinginevyo utahamishwa ndani ya mwaka mmoja, na wilaya itabaki haina hata yule bingwa wa kawaida iliyekuwa naye.

Kwa hiyo wewe uko wapi?

Uko peke yako hospitali ya misheni au ya wilaya, Makete au Ludewa: usiondoke kwa muda mrefu. Omba mkoba mara mbili kwa mwaka wa mtu yuleyule kwa operesheni zilezile, leta PTC, nunua utumbo wa mbuzi.

Uko hospitali ya mkoa kandokando ya barabara kuu, na mko wawili au watatu: mmoja aende MOI wiki nne kwa mifupa, wengine wabebe zamu zake, akirudi awafundishe kabla ya mwingine kuondoka. Fuatilieni SIGN. Kozi ya kufunika mfupa ulio wazi kwa msuli na ngozi ikitangazwa, hiyo lipieni hata kwa mifuko yenu, kwa sababu mguu unaopelekwa Dar siku ya kumi mara nyingi huwa umeshachelewa.

Uko Kanda Mbeya: matundu madogo na ubingwa bobezi vinakuhusu, na kisanduku kiwe ofisini. Lakini ninyi pia ndio mkoba wa Vwawa, Tukuyu na Chunya, kwa hiyo kozi ya namna ya kumfundisha mtu thieta bila kumnyang'anya kisu itawafaa kuliko kongamano la tatu la mwaka.

Na kokote uliko, barua iandikwe mapema. Mwaka wa fedha wa serikali huanza Julai 1. Ombi la mafunzo linalofika mezani Mei hukuta mafungu yameshagawanywa. Liwasilishe Novemba, likiwa na nakala ya kurasa za rejista na idadi ya rufaa unazotarajia zipungue.